Koti linanivuta mabegani: nitazoeaje nguo za ofisini kabla ya kutafuta kazi?

"Asalaam aleikum. Mimi ni binti wa miaka 24, mzaliwa wa Lamu mjini. Mwaka jana nilimaliza diploma ya ununuzi na ugavi, na sasa nataka kuanza kutuma maombi ya kazi: ofisi za kaunti kule Mokowe, bandarini, hata kwenye mahoteli. Tangu nivunje ungo sijatoka nje bila buibui na shungi. Binamu yangu wa Mombasa amenipa suti yake, koti na sketi ndefu pamoja na shati la kola. Kila nikiivaa mbele ya kioo najiona nimevaa nguo ya mtu. Koti linanivuta mabegani, jasho linanitiririka, na mikono sijui niiweke wapi. Dada yangu asema niivae siku ya intavyuu tu, nivumilie hiyo saa moja. Rafiki yangu asema bila suti hakuna atakayeniita, na hilo buibui niachane nalo. Nifanye nini nizizoee nguo hizi kabla sijaanza kutafuta kazi? Au mwenye tatizo ni mimi?"

Waaleikum salaam, mwanangu. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Malindi. Umeuliza swali moja lakini ndani yake yamo matatu. Kuna koti linalovuta, kuna mwili ambao haujazoea, na kuna moyo unaojiuliza kama utakubaliwa ukiingia ofisini ulivyo. Nitayatenganisha, kwa sababu kila moja lina dawa yake. Ukiyachanganya utaishia kujilaumu kwa kosa la mkasi.

Tuanze na koti, maana ndilo jepesi. Limekatwa kwa mwili wa binamu yako, si wako. Livae juu ya lile shati, simama wima, mikono ishuke. Sasa pitisha kidole juu ya bega kutoka shingoni hadi uguse ncha ya mfupa, pale mkono unapoanzia. Mshono wa bega unatakiwa uishie hapo. Ukiishia kabla ya mfupa, koti ni dogo kwako. Ukiupita ukateremka mkononi, ni kubwa. Kisha funga kifungo, kaa kwenye kiti, nyosha mikono mbele kana kwamba unapokea faili. Kola ikiruka shingoni, au mgongoni pakatokea mikunjo inayolala kutoka kwapa hadi kwapa, basi mgongo wa koti umekubana, na huo mvuto unaousikia ni wa kweli. Hujauzua.

Lipo na jambo ambalo wateja wengi nikiwaambia hawaliamini. Watu huniomba nikate kwapa la koti liwe pana, wakidhani ndiyo raha. Kwapa likishuka chini, ukiinua mkono koti zima linapanda nao. Likikaa juu, karibu na mwili, mkono unakwenda peke yake na koti linabaki mahali pake. Buibui halina shida hiyo kwa sababu lina nafasi tele na halijashikana na bega. Mikono yako imecheza humo miaka yote bila kuvutwa na chochote. Ndiyo maana koti lililokatwa vibaya linakuudhi kuliko linavyomuudhi mtu aliyelelewa na sare za kubana.

Nini kinarekebishika? Mbavu za koti zinapunguzwa, mikono inafupishwa, kiuno cha sketi kinatolewa au kuingizwa, pindo linashushwa kama kitambaa kimebakizwa ndani. Makoti mazuri hubakiza kitambaa kidogo kwenye mshono wa katikati ya mgongo, kwa hiyo fundi akifungua bitana, yaani kitambaa cha ndani, kidogo tu atajua mara moja kama pana la kuongeza. Bega ni habari nyingine. Kulipunguza ni kung'oa mkono mzima, kufungua bitana, kupanga pedi upya, na kazi hiyo inaweza kugharimu kuliko koti zuri la mtumba. Bega dogo ndilo halina dawa kabisa. Ukiona mshono umekosea mfupa kwa zaidi ya nusu inchi, mrudishie binamu koti lake na shukrani, ubaki na sketi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi nasema ikipita kwa fundi husitiri vizuri tu, ila mwenyewe awe ameridhia ikatwe. Muulize kabla ya mkasi kugusa kitu. Nimeshuhudia undugu ukiingia doa kwa sababu ya sketi iliyofupishwa.

Sasa jasho. Jasho linakupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo hata ukiwa na kanga moja halikauki upesi. Ongeza juu yake kitambaa kisichonywa maji na kisichopitisha hewa, nawe umejifungia na joto lako mwenyewe. Poliesta karibu hainywi maji kabisa. Pamba, kitani na viskosi (kitambaa laini kinachotokana na miti) hunywa. Tazama kibandiko cha ndani ya koti, na kama kimekatwa, chomoa uzi kutoka ndani ya pindo, ushike kwa kibano juu ya sahani na uuchome kwa kiberiti. Pamba huwaka ikanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikajikunja kuwa punje ngumu.

Lakini usilihukumu koti kwa kitambaa cha nje peke yake. Mara nyingi nje ni mchanganyiko unaovumilika, na mkosaji ni bitana, ambayo karibu siku zote ni poliesta. Mwambie fundi aiondoe bitana ya mgongoni na kiunoni, aiache mabegani na mikononi. Mabegani inalishikilia umbo, na mikononi inausaidia mkono kuteleza unapovaa na kuvua. Ni kazi ya alasiri moja, na utashangaa koti lilivyokuwa jepesi. Mwenyewe hushauri hili kwa kila koti la mtumba linaloletwa pwani, maana mengi yameshonwa kwa ajili ya nchi za baridi.

Halafu shingo. Umeniambia shati lina kola, na juu yake unafunga shungi. Hesabu mwenyewe: kola ni vitambaa viwili na kimoja kigumu katikati, kisha shungi, kisha kola ya koti. Hayo yote yamezunguka shingo, mahali penye joto, na hakuna hata mtu mmoja atakayeiona hiyo kola. Mwache fundi aitoe ashone shingo ya kawaida, au vaa blauzi ya pamba isiyo na kola. Shungi nalo liwe la pamba au viskosi, lisiwe la kuteleza, usije ukatumia nusu ya mahojiano ukilirudisha kichwani. Kuhusu rangi, epuka kijivu na samawati hafifu kwenye blauzi. Hizo ndizo zinazoonyesha jasho kuliko zote. Nyeupe, nyeusi na buluu iliyokoza zinaficha siri.

Lipo jasho la pili, la hofu. Hili hutoka viganjani, kwenye nyayo na kwapani, hata chumba kikiwa na feni. Halitibiwi na kitambaa. Linapungua hali inapokuwa ya kawaida kwako. Hapo ndipo tunafika kwenye kuzoea kwenyewe, na kwenye ushauri wa dada yako.

Dada yako anakutakia mema, lakini hapo sikubaliani naye. Ngozi ina vihisio vinavyotoa habari pale kitu kinapobadilika. Ukivaa pete asubuhi unaisikia, baada ya muda huisikii tena, ingawa haijaondoka. Nguo inayotulia mwilini nayo husahaulika hivyo hivyo. Nguo inayovuta kila ukisogea, au inayopanda kila ukikaa, huipigia ngozi hodi upya kila mara, na hutaizoea hata ukiivaa mwezi mzima. Ndiyo maana nimekupeleka kwa fundi kwanza. Ukishamaliza na fundi, muda ndio unaofanya kazi, na saa moja ya mahojiano haitoshi. Utakuwa umetumia siku muhimu kuliko zote kwa kujifunza kukaa na sketi.

Kwa hiyo ivae sasa, wakati hakuna anayekuhoji. Na usiivae ukasimama mbele ya kioo. Kioo kinakufundisha kujitazama, nawe unataka ujisahau. Ivae ukifanya kazi. Asubuhi baada ya chai, vaa suti yote na viatu vyake, ukae mezani uandike barua za maombi, upange vyeti vyako, upige simu. Panda na ushuke ngazi za nyumba, na kwa nyumba za Lamu ngazi hazikosekani. Inua mkono utoe kitu kwenye rafu ya juu. Inama uokote kalamu, uone sketi inafanya nini. Kula nayo chakula cha mchana pia, ukijifunga kanga kifuani, maana siku hiyo huenda ukaalikwa chai. Siku za mwanzo nusu saa inatosha, kisha uongeze hadi saa mbili au tatu. Baada ya wiki mbili hivi za kuivaa kila siku kwa shughuli za kweli, wengi wanaonijia huwa wameacha kuitaja nguo na wameanza kutaja maswali ya mahojiano. Hiyo ndiyo alama ninayoingoja.

Kisha toka nayo. Anza kwa mtu usiyemuonea haya, shangazi au jirani. Halafu nenda nayo benki ukaulize kuhusu akaunti, au posta, au ofisi yoyote ambako utasubiri kwenye benchi na kuzungumza na mtu aliye upande wa pili wa meza. Usiende kwa maonyesho. Uwe na shughuli. Mtu mwenye shughuli hupata pa kuelekeza macho.

Ulisema hujui mikono uiweke wapi, na nilitabasamu, kwa sababu hilo naliona kwa kila binti aliyekulia ndani ya buibui. Miaka yote mkono wako mmoja umekuwa na kazi: kushika upindo usiburure, kukusanya kitambaa unapokaa, kurudisha ukingo wa shungi. Ukivaa koti, kazi ile imeondoka lakini mkono bado unaitafuta. Upe kazi nyingine. Beba faili lenye vyeti, gumu, si bahasha ya kulegea. Ukitembea litakuwa mkono wa kushoto, ukikaa liweke mapajani na viganja juu yake. Dada yako akuulize maswali ya mahojiano ukiwa umekaa hivyo, kwenye kiti chenye meza, si kwenye jamvi, kwa sababu koti hukaa tofauti kabisa mtu akiwa kitini.

Kuhusu kujiona umevaa nguo ya mtu, nikupe habari ya jaribio moja. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha matokeo ya wanafunzi waliovalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, picha ambayo kijana wa pale angeona haya kuivaa, wakaingizwa chumbani kwa wenzao. Wavaaji walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wataitambua picha ile. Walioitambua walikuwa kama robo. Sikufichi, jopo la mahojiano linakutazama kuliko wapita njia. Lakini linaloliona ni kama nguo ni safi, imepigwa pasi, na kama unaishughulikia kila dakika. Kuvuta koti kila mara kunaonekana upesi zaidi kuliko koti lenyewe.

Sasa nimjibu rafiki yako. Si kweli kwamba bila suti huitwi. Pwani yote, benki, hospitali na ofisi za serikali, wako wanawake wanaofanya kazi na abaya na shungi, na hakuna anayewaona hawajavaa. Sheria nayo iko upande wako. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinataja mavazi, kwa jina kabisa, miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, pamoja na dini na jinsia, na kinamfunga mtu binafsi kama kinavyoifunga serikali. Kifungu cha 32 kinakataza kumnyima mtu kazi kwa sababu ya imani au dini yake. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, inamlinda hata anayeomba kazi ambaye bado hajaajiriwa. Wala hilo buibui unaloambiwa uachane nalo halikuzaliwa na kisiwa. Kabla halijaenea mwanzoni mwa karne ya 20, mabibi wa Lamu walitoka ndani ya shiraa, pazia zima lililobebwa na watumwa wao. Ila hayo hayamaanishi kila mwajiri ameisoma Katiba, na wapo wanaomtazama aliyevaa koti kwa jicho la upole zaidi. Hilo lipo, na ni haki yako kulijua kabla ya kuchagua.

Ningekuwa wewe ningechagua hivi. Kwa ofisi za kaunti, abaya nyeusi isiyo na mapambo, iliyonyooshwa pasi, na viatu vya kufunika vidole, inatosha kabisa. Kama umelipenda koti, livae juu yake liwe wazi mbele. Kwa hoteli ningevaa sketi na koti, maana huko wanataka kuona kama sare itakukaa, na ukiajiriwa watakupa yao. Bandari ya Lamu, kule Kililana, iliyopokea meli zake za kwanza Mei 2021, ina ofisi na ina gati. Ofisini vaa vile vile kama kaunti. Lakini ununuzi na ugavi kuna siku utatakiwa ghalani au karibu na mitambo, na huko kitambaa kinachopeperuka ni hatari kweli. Wakikuambia uvae buti, kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, hawakubagui. Uliza mapema kama suruali pana na kanzu fupi chini ya kizibao itakubaliwa.

Viatu nisikuchoshe navyo: jaribu alasiri, wakati miguu imevimba kidogo kwa joto na kutembea, na usivae kiatu kipya siku ya mahojiano.

Safari ya Mokowe ndiyo inayowaharibia wengi. Unatoka nyumbani umenyooka, unapita vichochoroni kwenye mchanga na kinyesi cha punda, unaingia botini, na wakati wa kusi maji yanaruka. Vaa buibui juu ya sketi na blauzi kama koti la safari, na ndara miguuni. Koti la suti lisafiri ndani ya mfuko wa nguo uliokunjwa mara moja tu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hiyo jishonee mmoja kwa leso nzee mbili, juu pawe na tundu la kutokeza kulabu ya hanga. Botini kaa nyuma au katikati, upande usiopigwa na upepo. Omo, yaani mbele ya boti, ndiko kunakorusha maji. Ukifika, badili viatu, vaa koti, buibui liingie mfukoni, au libaki mwilini ukipenda. Maji ya chumvi yakikugusa usiyaache yakauke, yataacha doa jeupe kwenye kitambaa cheusi. Beba kitambaa kilicholowa maji baridi ya kunywa ufutie papo hapo.

Pasi usiku uliotangulia, si asubuhi. Poliesta ipigwe kwa moto mdogo na kanga ya pamba juu yake, la sivyo itang'aa viwikoni na mng'ao ule hautoki tena.

Yapo mambo ambayo mimi na cherehani yangu hatuyawezi. Jasho likikutoka hata ukiwa umetulia penye ubaridi, au usiku ukilowesha shuka, au likiambatana na moyo kwenda mbio na kukonda bila sababu, nenda hospitali upimwe. Tezi ya shingoni ni mojawapo ya vinavyoweza kusababisha hayo. Ngozi ikiwasha au kutoka vipele kila unapovaa suti, ifue kwanza kwa maji mengi, na ikiendelea mwone daktari. Na ukiona hofu imekuwa kubwa kiasi kwamba unaandika barua za maombi na huzitumi, au siku ya kutoka unaumwa tumbo na kurudi kitandani, hapo si suala la nguo tena. Zungumza na mshauri nasaha au kliniki iliyo karibu. Mwajiri akikuambia waziwazi kwamba kazi hupati kwa sababu ya shungi, andika tarehe, jina la ofisi na maneno aliyosema, kisha umwone afisa wa kazi wa serikali.

Fanya kwanza lile jaribio la bega. Kisha nitumie picha tatu: koti likiwa mwilini kutoka nyuma, ubavuni mkono ukiwa umeshushwa, na kutoka nyuma tena umekaa na mikono mbele. Ya mbele usijisumbue nayo, haitanisaidia. Piga na kibandiko cha ndani kama kipo, nami nitakuandikia nini cha kumwambia fundi wako wa Lamu, ili usilazimike kuja Malindi.